Onjo Rasmi la Mwalimu Mgeni

Serikali ilitangaza kwa furaha kubwa, redioni asubuhi na kwa vipaza sauti jioni, kwamba kuanzia sasa hakuna mgeni atakayekula ovyo ovyo. Chakula cha nchi ni hazina ya nchi, lilisema tangazo. Kila mgeni ajaye kufanya kazi ataonjeshwa rasmi, mbele ya mashahidi, kwa utaratibu uliowekwa. Na mpaka siku hiyo ifike, ulimi wake ubaki mbichi, haujaguswa na ladha yoyote ya nchini. Ili kusimamia jambo hilo nyeti, ikaundwa Idara ya Ladha na Mapokezi. Ikapewa jengo, mihuri na Mkurugenzi.

Wasioelewa mambo walicheka. Hao hucheka kila kitu. Lakini hebu fikiria mwenyewe: mgeni anashuka kwenye basi, njaa inamuuma, anamwona mama anapakua chakula kando ya barabara, anakula, anasema "Lo, kitamu!" halafu anafuta midomo anakwenda zake. Nani ameshuhudia? Utamu huo umepokelewa ofisi gani? Umepotea bure kabisa, na nchi imekula hasara. Idara ilikuja kuziba pengo hilo.

Mgeni wa kwanza kufaidi utaratibu huu alikuwa mwalimu wa Kiingereza. Alitoka nchi ya jirani, kwa hiyo lugha ya mtaani haikumpa taabu, ila chakula kilikuwa kingine kabisa na alikuwa na hamu nacho. Aliajiriwa kufundisha darasa la mwisho, ambalo mwalimu wake alistaafu katikati ya mwaka na kuliacha kwenye mataa, mtihani wa kuzungumza ukiwa unabisha hodi. Kwao alisindikizwa na ukoo mzima hadi stendi. Shangazi walipiga vigelegele. Mama yake, mpishi mkuu katika kiwanda cha maharage ya kopo, hakupiga kigelegele. Alikuwa anakaza kamba ya sanduku.

"Nimekuwekea makopo," alisema. "Maharage hayo niliyatia chumvi kwa mkono wangu. Siku ukizidiwa na upweke, fungua moja. Kama ni kulia, ulie umeshiba."

Makopo hayo hayakuvuka mpaka, au tuseme yalivuka bila yeye. Alipokelewa na bwana mmoja mnene, mpole, mwenye koti la kaki na tochi. Cheo chake kilikuwa Afisa Ulimi.

"Karibu sana, dada. Fungua kinywa. Zaidi kidogo. Sema aaa." Akamulika. "Mbichi. Hongera." Kisha akafungua sanduku, akaanza kuyapakata makopo kifuani mwake kwa uangalifu wa mtu abebaye watoto pacha. "Haya tutakuhifadhia."

"Lakini kaka, hicho ni chakula cha kwetu, si cha hapa."

"Ndiyo hatari yenyewe hiyo. Ukila cha kwenu ukiwa kwetu, ulimi unaanza kulinganisha. Ukilinganisha, tumekwisha. Biskuti kavu ruksa. Idara imezikagua, hazina ladha yoyote."

Akapelekwa kwa Mkurugenzi. Mkurugenzi alikuwa mtu wa kujituma, tena mzalendo wa kupigiwa mfano. Ukutani kwake kulikuwa na picha kubwa ya chungu. Alikuwa anakula chakula cha mchana nyuma ya mlango uliofungwa, kama ilivyokuwa desturi yake: vipande vya mkate mweupe, vimekatwa pembetatu, kingo zimeondolewa, na nyama ya kopo katikati. Alipangusa mkono kwa leso kabla ya kusalimia.

"Mwalimu," alisema, "nataka uelewe jambo moja. Tangu ulipovuka mpaka, huo ulimi si wako tena. Ulimi wako ni mali ya umma."

"Sawa, mheshimiwa. Na kazi naanza lini?"

"Ukishaonja. Asiyeionja nchi atawafundishaje watoto wa nchi?"

"Na kuonja ni lini?"

"Karibuni. Waziri lazima awepo, na Waziri ana mambo mengi."

"Na kama njaa ikinishinda, nikaonja kidogo tu?"

Mkurugenzi alimtazama kwa huruma ya kweli. "Mkataba umekufa hapo hapo. Basi la kurudi kwenu huondoka kila siku."

Mwalimu akawaza stendi ya kwao, shangazi zake wote, na vile vigelegele. Kuvirudisha vigelegele vya watu ni kazi. Akapiga moyo konde.

Alipewa chumba kwa mama mmoja mjane, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Sufuria. Naye hakuwa na kosa isipokuwa kupika. Alipika mchuzi wa majani mabichi, mzito, wenye pilipili na kitu fulani cha kuokwa kwenye majivu, na harufu yake ilikuwa inapita chini ya mlango bila kubisha, inakaa kitandani kwa Mwalimu. Afisa Ulimi alipangiwa kukaa kwenye kigoda mlangoni, kulinda. Mama Sufuria hajui kumwona mtu amekaa bila sahani. Akampakulia.

"Mama, yeye anakula!" Mwalimu alilalamika, mkononi ana biskuti.

"Mimi ulimi wangu ulishakaguliwa," alijibu Afisa, akilamba vidole. "Pole sana, dada. Leo pilipili imekaa vizuri kweli."

"Mwanangu," Mama Sufuria alisema kwa sauti ya chini, "kamefumba macho haka kababa. Njoo uchovye kidole tu."

"Nimefumba macho, masikio sijayafumba," akasema Afisa Ulimi.

Mwalimu akameza mate, akatafuna biskuti yake. Usiku tumbo lilinguruma hadi Afisa, nje, akadhani mvua inakuja. Alilia, tena alilia kwa hasira, kwa sababu hata makopo ya kumfariji yalikuwa yamehifadhiwa.

Sasa, darasa. Kwa kuwa ajira yake haikuwa imeanza, hakuruhusiwa kuingia darasani, kushika chaki wala kutamka neno lolote la somo. Aliruhusiwa kukaa kwenye benchi la barazani, chini ya dirisha. Ndani wanafunzi walikaa na mtihani wao, nje alikaa mwalimu wao, na katikati alikaa Afisa Ulimi, ambaye pia alikabidhiwa jukumu la dirisha. Kiranja wa darasa, binti mwenye sauti ya kunadi samaki, alitoa kichwa nje.

"Mwalimu, sisi tutafeli hivi hivi, unatuangalia?"

Mwalimu akamgeukia Afisa. "Kaka, kuwasalimia je? Inaruhusiwa?"

Afisa Ulimi alishtuka. Alikuwa amelelewa vizuri. "Salamu? Dada yangu, salamu zimemkosea nani? Wasalimie. Asiyesalimia ni mtu gani!"

"Naweza kuwasalimia kwa Kiingereza?"

"Salamu ni salamu."

Basi Mwalimu akawasalimia. Nawe unajua salamu zetu zilivyo, haziishi kwa neno moja. Aliwauliza hali. Wakajibu. Akauliza hali ya wazazi, ya shangazi, ya mjomba na mguu wa mjomba. Mguu wa mjomba ulikuwaje jana? Leo unaendeleaje? Kesho, wanatarajia utakuwaje? Na kama mjomba asingepanda ule ukuta, mguu ungekuwa katika hali gani? Wanafunzi wakajibu kwa Kiingereza, kwanza kwa kuumauma maneno, baadaye kwa ufasaha, na wao wakamuuliza habari za nyumbani kwake, za mama yake, za barabara aliyopitia, za hali ya hewa ya huko na maoni yake kuihusu. Salamu zilianza kengele ya kwanza, zikapumzika mapumziko, zikaendelea mpaka jua lilipogeuka.

"Watoto wenye adabu sana hawa," alisema Afisa Ulimi, machozi yakimlengalenga. "Tena nyumba nzima ya mjomba nimeifahamu, ingawa sielewi wanasema nini."

Wakati huo Idara nayo haikulala. Kamati ya Uso ilikutana kuamua uso upi mgeni aukunje wakati wa kuonja. Walikubaliana juu ya Mshangao wa Daraja la Kwanza: nyusi juu, mkono kifuani, kichwa kikitingishwa taratibu, kisha sauti. Kwenye sauti ndipo patashika ilipozuka. Mrengo mmoja ulitaka "Mmh!" Mwingine ulishikilia "Aah!" kwa hoja kwamba "Mmh" inaweza kutafsiriwa kama shaka. Walipatana kwa busara: aanze na "Mmh", amalizie na "Aah". Mwalimu akaitwa mazoezini, akapewa kijiko kitupu.

"Nyusi, mwalimu, nyusi!" Mkurugenzi alimhimiza. "Hapo unaonekana una njaa."

"Nina njaa, mheshimiwa."

"Ifiche. Mgeni mwenye njaa husifu chochote. Sisi tunataka sifa ya kweli."

Likabaki suala la chakula chenyewe. Kanuni zilitaka chakula rasmi kiwe na cheti cha ubora. Mama Sufuria, ambaye uvumi ulimfikia, alikwenda idarani na sufuria yake kichwani akajitolea. Mkurugenzi alimpokea kwa heshima zote, mlangoni.

"Kina cheti, mama?"

"Kina pilipili, baba."

"Cheti, mama."

"Nimewalisha watu hapa tangu wewe unanyonya. Hakuna aliyekufa."

"Hilo hatuna ushahidi nalo," alisema Mkurugenzi, akafunga mlango, maana hapendi harufu kali. Kisha akamwita Afisa Ugavi, mtu mtiifu asiyeuliza maswali, akamwagiza atafute popote chakula chenye cheti, akipashe moto, akipambe, akiweke kwenye chungu cha asili. Afisa Ugavi akaitikia "Ndiyo, mheshimiwa," akaenda kutafuta.

Siku ikafika. Uwanja wa shule ulipambwa vitambaa. Waziri alikuja kwa msafara, amechoka, hana kifungua kinywa tumboni. Wanafunzi walipangwa mistari. Redio ilikuwa inarusha moja kwa moja. Mama Sufuria naye alikuja, na sufuria yake, akazuiwa getini kwa kukosa cheti. Akaishusha hapo hapo getini, akaketi, asiondoke.

Mkurugenzi alishika kipaza sauti. Alisema kwamba ladha ambayo mgeni huyu anakwenda kuionja haipatikani popote duniani. Alisema yeye mwenyewe amekua nayo. Bibi yake mzaa mama alikuwa akiipika kwa kuni, na mpaka leo akiisikia harufu yake hukumbuka magoti ya bibi. Watu walipiga makofi. Kifuniko cha chungu kikafunuliwa.

Mwalimu akashika kijiko. Asiposhangaa ipasavyo, ni basi la kurudi. Akishangaa kupita kiasi, wataona njaa. Akainua nyusi juu, akaweka mkono kifuani. Akatia kijiko kinywani.

Hakusema "Mmh". Hakusema "Aah". Nyusi zilishuka zenyewe, mkono ukaanguka, na machozi yakaanza kumtiririka, kwanza kimya kimya, halafu kwa kwikwi, mabega yanacheza. Alikula kijiko cha pili akilia, na cha tatu.

Katibu wa Kamati ya Uso alimnong'oneza Mkurugenzi kwamba hili halimo kwenye madaraja. Mkurugenzi akadaka kipaza sauti kwa furaha: "Mnaona! Mgeni anatokwa na machozi! Huu, ndugu wananchi, ni mshangao usio na daraja!"

Waziri, kwa njaa na kwa uzalendo, akaomba sahani. Akala. Akaomba nyingine. "Haswaa," alisema, mdomo umejaa. "Hii ndiyo ladha yetu. Nyumbani hasa! Huyu mama aliyepika yuko wapi? Aje hapa, nimshukuru mbele ya taifa."

Mkurugenzi akamtazama Afisa Ugavi. Afisa Ugavi akatazama viatu vyake.

"Mpishi," alirudia Waziri.

"Mheshimiwa," alisema Mwalimu, akijifuta pua kwa kiganja, "mpishi hayupo. Yuko kwetu. Ni mama yangu."

"Mama yako kimawazo," Mkurugenzi aliwahi. "Ni fasihi hiyo, mheshimiwa, walimu wana fasihi nyingi."

"Si fasihi. Ni maharage ya kiwandani kwao. Chumvi hii ni ya mkono wake, naijua tangu sina meno. Mheshimiwa, siku zote hizi nakula biskuti, na makopo yangu mmeyafungia, halafu leo mnanilisha mama yangu hadharani mnaniambia nishangae!" Akakirudisha kijiko chunguni. "Nimeshangaa. Andikeni nimeshangaa."

Wanafunzi, ambao walizijua habari zote za mama huyo kutokana na salamu, wakaanza kunong'ona. Waziri akageuka pole pole. "Nani anaweza kunieleza?"

Afisa Ulimi akapiga hatua mbele. Hakuzoea kusema uongo, hakupewa mafunzo hayo. "Ni kweli, mheshimiwa. Yale makopo niliyachukua mwenyewe mpakani, nikayaweka stoo."

"Ndicho chakula pekee chenye cheti nilichokipata, mheshimiwa," akasaidia Afisa Ugavi. "Nilitafuta nchi nzima. Chakula chetu hakina cheti, kwa kuwa hakuna ofisi ya kukitolea."

Redio ilikuwa bado inarusha. Waziri akaitazama sahani yake, ya pili hiyo, imebaki mchuzi tu. Mtu hafiki uwaziri kwa kuzubaa, akaiweka chini bila haraka, akasema kwa sauti ya upole inayotisha: "Mkurugenzi, ladha ya bibi yako ni hii?"

"Inakaribiana, mheshimiwa."

Hapo ndipo sauti ya kunadi samaki ilipopasua mistari ya wanafunzi: "Mheshimiwa, chakula chenyewe kiko getini!"

Kikaletwa. Mama Sufuria alikuja nacho kichwani, hakuharakisha. Alikitua mbele ya Mkurugenzi, akafunua. Harufu ikapanda, majani mabichi, pilipili, na kile cha kuokwa kwenye majivu. Uwanja mzima ulimeza mate kwa pamoja; sauti yake ilisikika redioni. Chakula hiki ndicho kinacholiwa kila nyumba, kila mchana, na mkulima, na dereva, na mlinzi wa geti la Idara yenyewe.

Mkurugenzi aliinama juu ya sufuria. Akakunja pua. Akachungulia.

"Hiki ni nini?" akauliza.

Hakuna aliyecheka mwanzoni. Kicheko kilianzia nyuma, kwa madereva wa msafara, kikaja mbele kikikua, watu wakashikana mabega, wengine wakakaa chini. Mama Sufuria peke yake hakucheka.

"Chakula cha mchana, baba," alimjibu, kama anavyojibiwa mtoto.

Sasa tusionee mtu. Utaratibu ulifuatwa. Waziri aliitisha kanuni, na kanuni zilikuwa wazi, kwa sababu Mkurugenzi alizitunga mwenyewe na alikuwa na lugha safi: asiyeionja nchi hawezi kuanza kazi. Ikabainika kwamba Mkurugenzi, kwa mujibu wa sheria, alikuwa hajaanza kazi tangu ateuliwe. Kuhusu Mwalimu, sherehe ilikuwa imesharushwa redioni na Waziri alishatamka mbele ya taifa kwamba ladha ile ni ya nyumbani hasa. Maneno ya Waziri hayatenguki. Kwa hiyo Mwalimu alihesabika ameonja, na akaambiwa aingie darasani asubuhi inayofuata. Waziri alipokuwa anapanda gari alimvuta pembeni. "Mwalimu, mama anaweza kutuma mengine? Usiseme ni mimi."

Siku hiyo Mwalimu alikula kwa Mama Sufuria. Alikula bila nyusi na bila mkono kifuani, mpaka pilipili ikamtoa kamasi, na alipoulizwa kikoje alishindwa kujibu maana kinywa kilijaa. Mama Sufuria akampakulia tena. Hakuna aliyeshuhudia zaidi ya kuku. Darasa lilifaulu mtihani wa kuzungumza, ingawa watahini walishangaa kwa nini kila mwanafunzi alianza kwa kuulizia mguu wa mjomba wao.

Mkurugenzi anaendelea kusubiri onjo lake. Litafanyika karibuni. Lazima Kamati ya Uso ikutane kwanza, na Kamati haiwezi kuitishwa ila na Mkurugenzi, ambaye hajaanza kazi. Mkate wa pembetatu na nyama ya kopo alikatazwa, ulimi wake usije ukaanza kulinganisha. Anakaa kwenye lile benchi la barazani, chini ya dirisha, na biskuti zake mfukoni. Mchana Mama Sufuria hupita akimletea Mwalimu chakula, na Afisa Ulimi naye hupata sahani yake, maana yuko kazini.

Juzi Mkurugenzi alivumilia akashindwa. Macho yalikuwa yamezama, koti limemlegea.

"Kijana wangu," alisema, "nilambe kifuniko tu. Hakuna anayeona."

Afisa Ulimi alisogeza sahani upande wa pili, akamtazama kwa huruma ya kweli, akatoa tochi.

"Fungua kinywa, mzee. Sema aaa. Vizuri, bado mbichi." Akazima tochi, akarudi kwenye mchuzi wake. "Vumilia. Huo ulimi ni mali ya umma."